Mathe Aliuliza, "Ile Gari Ilifika?"

Niwaambie ukweli kabla hamjanitupia mawe: mimi bado naamini. Naomba asubuhi, naenda ibada, na nikipata kitu kidogo natoa. Kwa hivyo hii si ile posti ya "makanisa yote ni biashara" ambayo kila msee aliyekosana na pasta wake huandika usiku wa manane. Hii ni kuhusu gari ambayo haikufika, video niliyopiga mwenyewe, na swali la maneno matatu ambalo mathe aliniuliza akichambua sukuma.

"Ile gari ilifika?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Bado, Mum, inashughulikiwa." Yeye akaendelea na sukuma zake. Lakini mimi nililala na hilo swali, nikaamka nalo, na mpaka leo halijaniacha.

Ijumaa zetu

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, rafiki alinialika kwa vuguvugu moja la maombi la vijana hapa Nairobi. Jina silitaji, na msiniulize kwa DM. Halikuwa kanisa haswa. Hakukuwa na mabenchi wala kwaya yenye sare. Tulikodi ukumbi kila Ijumaa, taa zinazimwa nusu, gitaa, ngoma, maombi mpaka karibu saa tano, halafu kila mtu anakimbilia matatu ya mwisho.

Manze, pale palikuwa nyumbani. Watu walijua jina langu. Ukikosa wiki moja, unapigiwa simu. Nilipoacha chuo, jamaa wengi waliniuliza sasa nitafanya nini na maisha. Wale wa Ijumaa waliniuliza kama nimekula. Hiyo kitu mtu hasahau, na naiandika hapa mapema ili mjue ninabonga kuhusu watu niliowapenda. Wengine bado nawapenda.

Nilijua kushika kamera kidogo, basi nikawekwa kwa timu ya video. Tulikuwa hatulipwi. Unapewa bando, nauli, chakula, na unaambiwa thawabu iko mbele. Sikulalamika, kazi yenyewe nilikuwa naipenda.

Halafu ikaja ile ya gari. Viongozi walisema tunataka kununua gari mtumba ya watu 14 ili timu iende misheni kwa shule za sekondari bila kusumbuana na kukodisha. Lengo lilikuwa shilingi 1,200,000. Mimi nikaambiwa nipige video ya mchango.

Ilikuwa ya dakika moja na sekunde 40. Kulikuwa na msichana mmoja aliyesimulia jinsi timu yetu ilifika shuleni kwao akiwa amekata tamaa kabisa, na maisha yake yakabadilika. Nilimwambia arudie, kwa sababu mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Mara ya pili alilia zaidi. Nikatumia hiyo. Chini ya uso wake nikaweka namba ya simu ya kutuma pesa.

Video ilienda mbali kuliko kitu chochote nilichokuwa nimetengeneza. Watu walituma 100, 200, 1,000. Msee mmoja alituma 50 na ujumbe wa kuomba msamaha kwamba ni kidogo. Mathe pia aliiona, kwa sababu nilimtumia mimi mwenyewe nikiringa. Akatuma 1,500.

Mathe ana kibanda cha mboga. Sukuma anauza fungu shilingi 20. Kwa hivyo 1,500 ni mafungu 75, na hapo sijatoa bei ya kununua kule sokoni alfajiri. Hakutuma kwa sababu anataka gari. Alituma kwa sababu mtoto wake, ambaye ameacha chuo na majirani wanauliza maswali, alikuwa ametengeneza kitu ambacho kilionekana kina maana.

Matangazo ya mchango yalisimama tulipofika kama 640,000. Ghafla tu. Ijumaa moja gari ilitajwa, iliyofuata haikutajwa, halafu tukaanza maombi ya siku 21 na kila mtu akasahau. Miezi kumi na minne baadaye, mathe ndiye aliyekumbuka.

Nikauliza

Nilianza polepole. Nikamuuliza kiongozi wa timu yetu, akasema hiyo ni mambo ya ofisi. Nikauliza mtu wa ofisi, akasema nimuulize kiongozi mkuu. Nikaomba kuongea na kiongozi mkuu, nikaambiwa yuko kwenye mfungo. Mwishowe nikaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya watumishi, kwa adabu zote: "Samahanini, kuna watu waliotoa kwa sababu ya video wananiuliza gari imefika wapi. Niwaambie nini?"

Tiki za bluu zikajaa. Hakuna aliyejibu.

Siku mbili baadaye nikaitwa kikao. Walikuwa watu wanne, na mazungumzo yakaanza na kuniombea. Nikaambiwa adui hupenda kuingia kwa mlango wa maswali. Nikaambiwa nisimguse mtiwa mafuta. Halafu mmoja akafungua Biblia, 2 Wafalme 12, akanisomea pale inaposema kwamba waliosimamia kazi ya hekalu hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Akafunga kitabu. Yaani, kesi imekwisha.

Nilitoka pale nikiomba msamaha. Niseme hivyo wazi, sikutoka kama shujaa. Nilisema sorry, nikaenda nyumbani. Wiki iliyofuata nikakuta nimetolewa kwa grupu.

Nikiwa sina grupu wala Ijumaa ya kwenda, nikafanya kitu ambacho hawakutarajia. Nilisoma hiyo sura yote.

Wasee, someni hiyo sura yote. Inaanza na mfalme anayeitwa Yoashi, ambaye aliwaambia makuhani wakusanye pesa za kurekebisha hekalu. Pesa zikakusanywa. Kufikia mwaka wa 23 wa utawala wake, hekalu bado lilikuwa bovu. Mfalme akawaita makuhani na kuwauliza mbona hawajatengeneza, kisha akawazuia kupokea pesa mikononi mwao. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Na sanduku likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja kuhesabu. Watu wawili kutoka ofisi mbili tofauti. Zilipokwisha kuhesabiwa ndipo zikapelekwa kwa mafundi, na huko ndiko kuna lile neno la uaminifu.

Yaani sanduku la sadaka, kwa hiyo hadithi, lilitengenezwa kwa sababu mtu aliuliza mbona pesa zimekusanywa na kazi haijafanyika. Mimi nilisomewa mstari mmoja wa mwisho, nikafichwa tundu, sanduku na wahesabu wawili.

Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8, alikuwa anakusanya mchango. Anaeleza kwamba Tito hatasafiri peke yake, ataandamana na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe. Sababu anaitaja wazi: hataki mtu apate nafasi ya kuwalaumu kuhusu hizo pesa, na anataka kufanya lililo sawa mbele ya Mungu na pia mbele ya watu. Kama mtume alijiwekea mashahidi bila kulazimishwa, mtumishi wa ukumbi wa kukodi anakasirikia nini?

Chama cha kina mathe

Jumapili moja katika hicho kipindi, mathe aliniambia nimsaidie kubeba viti, chama chake kilikuwa kinakutana kwetu. Kina mama 18. Wengi wana vibanda, wawili ni mafundi wa nguo, mmoja anauza samaki. Nikakaa kwa kona na simu yangu nikijifanya siko.

Katibu akafungua daftari kubwa la jalada gumu, akasoma kila kitu kwa sauti. Michango ya mwezi. Faini za waliochelewa. Mkopo wa fulani, amelipa kiasi hiki, amebakisha hiki. Zilizoko benki. Zilizoko kwa mkono. Halafu mama mmoja akainua mkono.

"Hiyo mia na hamsini ya nauli ni ya kwenda wapi?"

Mimi pale kwa kona moyo ulidunda. Nilikuwa nimezoea kwamba baada ya swali kama hilo, mtu anaombewa. Lakini mweka hazina alifungua tu mkoba, akatoa karatasi ya benki, akasema ilikuwa boda ya kwenda benki na kurudi kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

"Sawa," yule mama akasema. "Ila mwezi ujao tuandike boda. Tusiandike nauli tu."

Wakaendelea. Chai ikaletwa. Hakuna aliyenuna. Mweka hazina na aliyemuuliza waliketi pamoja, wakagawana mandazi.

Ile 150 ilinisumbua sana. Kina mama 18 wanaweza kuulizana kuhusu shilingi 150 na bado wapendane. Sisi, mamia ya vijana wenye simu nzuri na wengine wana digrii za uhasibu, tulishindwa kuulizana kuhusu 640,000. Na kina mathe wanaanza kila kikao na maombi, kwa hivyo msiniambie ati tofauti ni imani.

Aliyeuliza mapema

Nilianza kusoma kuhusu mahali pengine ambapo watu waliuliza swali kama langu. Hapo ndipo nikakutana na kesi ya City Harvest ya Singapore, na ilinitoa jasho.

City Harvest ni kanisa kubwa, lililosajiliwa kama shirika la hisani, na lililopendwa sana na vijana. Mchungaji wake mwanzilishi ni Kong Hee. Mke wake, Sun Ho, alikuwa mwimbaji wa muziki wa pop, na kanisa lilikuwa na mradi wa kuufikia ulimwengu kupitia muziki wake, mpaka Marekani. Mwaka 2003 muumini mmoja alisema hadharani kwamba pesa za kanisa zinatumika kumjenga huyo mwimbaji. Mnajua kilichompata? Aliishia kuomba msamaha hadharani kupitia magazeti. Mambo yakatulia.

Mwaka 2010 polisi na wasimamizi wa mashirika ya hisani wakaanza kuchunguza. Oktoba 2015, Kong Hee na viongozi wengine watano wakapatikana na hatia. Pesa zilizohusika zilikuwa takriban dola milioni 50 za Singapore. Karibu milioni 24 zilipitishwa kwa hati za dhamana ambazo mahakama iliona ni za uongo, na nyingine milioni 26 zilizungushwa ili kuficha zile za kwanza. Kong Hee alihukumiwa miaka minane, na 2017 rufaa ikaipunguza ikawa mitatu na nusu.

Miaka 12 kutoka kwa yule muumini kuuliza mpaka hukumu. Yeye ndiye alikuwa ameomba msamaha.

Lakini kilichonikaa zaidi ni kwamba kesi haikuwa ya viongozi waliojaza mifuko yao. Haikuonyeshwa kwamba walijitajirisha wenyewe kwa zile pesa. Waliamini, au walijiambia, kwamba wanafanya kazi ya kanisa. Sisi tukisikia "pesa ya kanisa imepotea" tunawaza pasta mwenye gari kubwa na saa ya dhahabu. Kumbe mtu anaweza kuwa hana hiyo saa, awe anaamini kabisa anachofanya, na bado akatumia pesa za watu kwa jambo ambalo wenyewe hawakuambiwa.

Na hapo ndipo nirudi kwa gari yetu.

Gari ililiwa na nani

Kitambo baadaye, mmoja wa waliokuwa wakishika hesabu kwa vuguvugu alinipigia. Alikuwa amechoka, naye pia alikuwa anaondoka. Akaniambia anachojua.

Hakuna aliyenunua ploti. Ukumbi ulikuwa na deni la miezi mitano, na mwenyewe alitaka kutufungia. Spika ziliungua, zikanunuliwa zingine. Dada mmoja wetu alipata ajali ya boda, familia haikuwa na doo, bili ikalipwa. Kidogo kidogo, kutoka kwa ile pesa ya gari, kila mara ikisemwa tutarudisha.

"Na mambo ya media," akamalizia. "Hiyo ni nyinyi."

Nyinyi. Nikakata simu, nikafungua ujumbe wa M-Pesa wa zamani, nikaanza kujumlisha. Bando. Nauli ya teksi usiku tukiwa na kamera. Chakula. Kukodisha lenzi ya kupigia ile video yenyewe. Zote zilitoka kwa ile namba niliyoiandika chini ya uso wa yule msichana. Nilipata 11,400.

Sikuiba. Hakuna risiti niliyowahi kuweka sahihi, lakini kila shilingi ilienda kwa kazi. Na bado, mathe alitoa 1,500 za gari, na mimi nimekula 11,400 za gari. Hizo ni zake na za wengine kadhaa kama yeye, pamoja na yule wa 50 aliyeomba msamaha.

Kama Ijumaa moja mtu angesimama na kusema, "Wapendwa, gari tumeshindwa. Tuna 640,000, ukumbi unatudai, dada yetu yuko hospitali, tunaomba ruhusa tutumie hizi," nadhani karibu sote tungesema ndiyo. Mathe angesema ndiyo kabla sentensi haijaisha. Wangebaki na ukumbi, spika, dada yetu angetibiwa, na wangebaki na sisi. Badala yake walichagua kunyamaza, na sasa nikiulizwa kama yule kiongozi ni mwizi siwezi kumtetea. Ninachojua ni simu moja ya mtu aliyechoka. Hesabu hazikuwahi kufunguliwa, kwa hivyo hata kama ni msafi, hana kitu cha kuonyesha.

Hiyo ndiyo kitu nataka mbebe kutoka hapa. Hesabu iliyofunguliwa humlinda mtoaji, lakini humlinda zaidi yule aliyeshika pesa.

"Umempa Mungu, usifuatilie"

Najua mtaniambia nini, kwa sababu mimi nilikuwa naambia wengine hivyo hivyo.

"Ukitoa umempa Mungu, usifuatilie." Sawa. Lakini Mungu hana laini ya simu. Kuna mtu mwenye kitambulisho anayeenda kwa wakala kuitoa. Huyo ndiye ninamuuliza. Mungu simdai.

"Tukianika hesabu, serikali itaingilia." Sheria tayari ipo. Makanisa na vikundi vingi vya kidini Kenya vimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, na sheria hiyo inataka chama kiweke vitabu vya hesabu, kifanye mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka ambapo wanachama wanaelezwa pesa zilizoingia na zilizotoka, na kipeleke taarifa kwa Msajili wa Vyama kila mwaka. Kwa hivyo ukiuliza hesabu hujaasi. Umeomba kilichoandikwa. Na kama kikundi chako hakijasajiliwa popote, kama chetu, basi hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuuliza, kwa sababu hakuna ofisi nyingine itakayouliza kwa niaba yako.

Ile ngumu kabisa hakuna anayeisema kwa sauti: unamuulizaje hesabu mtu aliyekuombea ukilia? Hapo sina jibu la haraka. Watu wale walinilisha. Ndiyo maana vikundi kama hivi vinaweza kukaa miaka bila kuulizwa chochote. Mara nyingi kinachotunyamazisha ni shukrani, wala hatuogopi mtu. Lakini nimejaribu kuiwaza hivi: mweka hazina wa kina mathe naye amewahi kulala hospitalini na mama aliyezidiwa, na bado anafungua mkoba akiulizwa. Wema wake haujamfanya akatae maswali.

Na sisi vijana tuache unafiki kidogo. Mwaka 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu mpaka rais akakataa kuutia sahihi. Tukapiga kelele wanasiasa waache kupeleka mamilioni madhabahuni. Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitangaza kwamba pesa ambazo Rais Ruto alitoa katika parokia ya Soweto zitarudishwa, na tukashangilia, mimi nikiwa wa kwanza. Tulikuwa na ujasiri wa kumuuliza mwanasiasa hizi pesa umetoa wapi. Ule wa kumuuliza mtumishi zetu umepeleka wapi, hatuna.

Maswali ya kubeba

Siwaambii mwache kutoa. Toeni. Ila kabla hujaweka PIN, jiulize haya.

Jina gani linatokea? M-Pesa hukuonyesha jina kabla pesa haijaenda. Likitokea jina la mtu binafsi na wewe unachangia kikundi, uliza kwa nini. Ile namba niliyoweka kwa video ilikuwa ya mtu binafsi, na mimi sikuwahi kuuliza.

Nani anahesabu? Wawe angalau wawili, wasiwe mtu na mkewe, wala mtu na ndugu yake.

Lengo lisipofika, pesa zitafanya nini? Hili lisemwe kabla ya shilingi ya kwanza. Sisi tungesema hivyo siku ya kwanza, nisingekuwa naandika hii leo.

Hesabu zinasomwa lini? "Ukitaka, njoo ofisini" si jibu. Kina mathe husoma kwa sauti, mbele ya wote, hata kama hakuna aliyeomba.

Na mtu wa mwisho aliyeuliza swali, yuko wapi? Kama bado yuko kwa grupu, kaa hapo, hao ni watu wazuri. Kama alitolewa, umeshajibiwa.

Kwa wenzangu wa kamera: sisi ndio tunafanya watu walie na kutuma. Usifikiri mkono wako ni msafi kwa sababu hukushika pesa. Siku hizi sipigi video ya mchango bila kuandikiana na wahusika kwamba nitarudi kupiga ya pili, ya kuonyesha kilichofanyika, hata kama ni ya kusema tumeshindwa. Nimepoteza kazi mbili kwa sababu ya hilo sharti. Wengine watatu walikubali bila shida, na mmoja alisema alikuwa anangoja mtu amwambie hivyo.

Yule msichana wa kwenye video sijampata. Nimeitoa video kwa ukurasa wangu, lakini iko kwa simu za watu, na hilo siwezi kulirudisha.

Mathe nilimwambia kila kitu mwezi uliopita. Nilikaa naye kibandani, nikamwambia gari haitafika, nikamwambia ya ukumbi, spika, dada wa ajali, na ya 11,400. Alinisikiliza akifunga sukuma. Akauliza kama yule dada alipona. Nikasema ndiyo. Akasema afadhali.

Halafu nikamwambia nitamlipa zile 1,500 zake. Nilidhani atakataa, unajua wazazi. Hakukataa. Akatoa daftari lake dogo la madeni, lile la wateja wanaochukua nyanya na kulipa mwisho wa mwezi, akaandika jina langu chini yao.

Nimelipa 500. Ameandika tarehe, ameandika kimebaki 1,000, na akanifanya niweke sahihi.